Bustani ya Mboga kwa Mbegu za Asili Arusha na Moshi: Dalili, Sababu na Hatua za Kuchukua

Mwongozo huu umepangwa kwa dalili, kwa kuwa mtu ambaye kitalu chake hakijaota hahitaji kwanza kusoma historia ya mbegu. Anataka kujua akague nini asubuhi hii. Umejengwa juu ya matatizo yanayorudiwa kila msimu na watu wanaoanza bustani ya nyumbani katika miji ya Arusha na Moshi na vitongoji vyake kwa kutumia mbegu za asili, yaani mbegu ambazo, tofauti na chotara (mbegu za kuchanganya aina mbili), vizazi vyake hufanana na mmea mama iwapo uchavushaji umesimamiwa. Chini ya kila dalili, sababu iliyo ya kawaida zaidi imetangulia, na ukaguzi usio na gharama umewekwa kabla ya ule wa kung'oa mmea au kununua dawa.

Jambo moja lishikwe tangu mwanzo: mbegu ndiyo hulaumiwa kwanza, ilhali mara nyingi kasoro iko kwenye maji, udongo au msimu. Na pale ambapo mbegu ndiyo yenye kasoro, swali lenye manufaa ni kuwa hiyo ni mbegu ya asili ya wapi. Arusha iko karibu nyuzi tatu na nusu kusini mwa ikweta, kwenye mwinuko wa takriban mita 1,400, na Moshi mjini iko chini zaidi, kati ya mita 800 na 900. Mbegu iliyozoeshwa kwa vizazi vingi katika nchi zenye majira ya baridi kali na siku ndefu za kiangazi inaweza kuwa nzima kabisa na bado isifanye kazi yake hapa.

Mbegu hazijaota

Hesabu siku kabla ya kuhesabu hasara. Mchicha na sukuma wiki huchomoza ndani ya siku 3 hadi 7, nyanya siku 6 hadi 10, karoti huweza kufika wiki 2, na pilipili wiki 3 wakati wa baridi. Kuanzia Juni hadi Agosti, Arusha inapofunikwa na mawingu ya kipupwe, muda huo hurefuka, kwa sababu nyanya, ngogwe (nyanya chungu) na pilipili hutaka udongo wenye joto la nyuzi 20 hadi 30 za selsiasi, na huzubaa likishuka chini ya 15. Anayesia Sakina, Arusha, mwezi wa Julai asijilinganishe na anayesia Pasua, Moshi, mwezi huohuo.

Siku za kawaida zikishapita, fukua sehemu ndogo ya kitalu kwa kijiti na utazame. Ukikuta mbegu zimeota lakini chipukizi limepinda na kufia chini ya udongo, ulizika mno. Mbegu ya mnafu na ya mchicha ni ndogo sana, na kina kinachofaa kwa mbegu yoyote ni mara mbili au tatu ya unene wake. Kwa hizo ndogo, maana yake ni kuzifunika kwa vumbi la udongo tu. Zichanganye na mchanga mkavu ili zisimwagike mahali pamoja, zisie katika mistari, kisha tandaza nyasi kavu juu yake na uziondoe mara miche inapoanza kuchungulia. Wengi husahau hatua hiyo ya mwisho, wakapata miche iliyokwama kwenye nyasi.

Ukikuta mbegu zimevimba, zimepasuka na kukauka, tatizo ni maji. Mbegu ikishaanza kutoa mzizi haivumilii hata mchana mmoja wa ukavu, na udongo wa volkano ulio tifutifu kwenye miteremko ya Meru na Kilimanjaro hukauka juu haraka ingawa chini una unyevu. Mwagilia asubuhi na alasiri kwa keni yenye matundu madogo; maji ya bomba yanayopigwa kwa nguvu hufukua mbegu, na kwenye udongo wa mfinyanzi huacha gamba gumu ambalo chipukizi haliwezi kulipasua.

Usipoziona mbegu kabisa, tazama mistari ya sisimizi, ambao huzibeba moja moja hadi kitalu kikabaki kitupu. Kuku wa jirani hahitaji kuelezwa.

Mbegu zikionekana nzima na ngumu kama ulivyozisia, huenda zimelala. Mgagani ndio mfano mkubwa: mbegu zake mpya hugoma kuota kwa miezi kadhaa baada ya kuvunwa, hivyo mbegu uliyopewa kutoka shamba lililovunwa mwezi uliopita itakuaibisha bure. Ihifadhi mahali pakavu kwa miezi 3 hadi 6, kisha uijaribu tena. Kwa mnafu, kasoro huwa katika utayarishaji, kwa kuwa mbegu zilizokaushwa pamoja na nyama ya tunda huota vibaya. Tunda lililoiva lazima lipondwe na mbegu zioshwe hadi ziache kuteleza. Saladi nayo hugoma udongo unapozidi nyuzi 30, jambo la kawaida Moshi mwezi wa Januari na Februari, na dawa yake ni kusia jioni kwenye kivuli.

Ukishayapitia hayo yote, ndipo uipime mbegu yenyewe. Weka mbegu 50 kwenye kitambaa kilicholoanishwa na kukamuliwa, kikunje, kitie ndani ya mfuko wa plastiki na ukiache mahali penye joto la kawaida la chumba kwa siku 10, au zaidi kwa karoti na pilipili ambazo huchelewa. Zikiota 40 au zaidi, mbegu haina kosa. Zikiota kati ya 25 na 40, sia kwa wingi zaidi. Chini ya hapo, tafuta mbegu nyingine, isipokuwa kama ni mgagani mchanga.

Miche imeota, kisha inaanguka au inatoweka

Piga magoti utazame shingo ya mche, pale unapogusana na udongo. Ikiwa imekatwa wima kama kwa wembe na sehemu ya juu imelala kando, mhalifu ni sota, funza wa rangi ya kijivu anayejikunja akiguswa. Fukua udongo wa juu, sentimita chache kuuzunguka mche, asubuhi na mapema. Kwa kawaida hajaenda mbali, na kumwua kwa mkono kunatosha kabisa kwa bustani ya nyumbani. Miche inayopandikizwa baadaye izungushiwe kipande cha karatasi ngumu au kopo lililokatwa pande zote mbili, lizamishwe kidogo ardhini.

Ikiwa shingo imesinyaa, imelowa na kuwa na rangi ya kahawia, huo ni kinyausi, ugonjwa wa vimelea vya ukungu wanaoishi kwenye udongo na kustawi penye maji mengi na hewa kidogo. Sababu zake, kwa mpangilio wa ukawaida, ni kumwagilia kupita kiasi hasa jioni, kusia kwa msongamano, samadi ambayo haijaoza, na udongo uliotumika kwa kitalu msimu baada ya msimu. Mche ulioanguka hauponi. Ondoa sehemu iliyoathirika pamoja na udongo wake, acha kumwagilia kwa siku moja au mbili, punguza miche iliyobaki na ufungue kivuli. Kabla ya kitalu kinachofuata, badilisha udongo, au uloanishe ule wa zamani na kuufunika kwa plastiki angavu kwa wiki 4 hadi 6 wakati wa jua kali. Kazi hiyo inafaa Januari na Februari, na haifai katika mawingu ya Julai.

Miche mirefu, myembamba na iliyopauka inatafuta mwanga. Hili hutokea sana kwenye vihamba, ambako tuta huwekwa chini ya migomba na kahawa. Nyanya na pilipili zinahitaji jua la moja kwa moja kwa saa 6 hivi kwa siku, kwa hiyo tuta lisogezwe ukingoni. Mnafu na matembele huvumilia kivuli kiasi, na hapo ndipo pa kuyaweka.

Majani yanageuka manjano

Swali la kwanza ni yapi yameanza. Yakiwa ya chini, yale makongwe, mara nyingi mmea una njaa ya naitrojeni, au mizizi imezama kwenye maji na haiwezi kula hata kama chakula kipo. Chimba kwa mkono hadi kina cha kidole: udongo ukitoa maji ukikamuliwa, inua tuta na upunguze umwagiliaji, ukiwa na unyevu wa kawaida, weka samadi iliyooza au mboji kandokando ya shina. Samadi ya kuku isiyooza haifai hata kidogo kwa kazi hii, kwa kuwa huunguza mizizi, na rangi ya manjano hugeuka kahawia.

Yakiwa machanga ya juu, huku mishipa yake imebaki ya kijani, mmea unakosa madini ya chuma. Mara nyingi chuma hicho kimo ardhini lakini udongo wenye alikali nyingi umekifunga. Katika viwanja vipya vya Njiro au Moshono, Arusha, sababu yaweza kuwa ya kawaida kabisa: bustani imewekwa pale mafundi walipochanganyia saruji. Chimba. Ukikuta kifusi, kiondoe na ujaze udongo mwingine, au upande kwenye viroba.

Utando mweupe unaotokea juu ya udongo baada ya maji kukauka ni chumvi, iliyoletwa na maji ya kisima au iliyomo kwenye udongo wenye magadi unaopatikana katika tambarare za chini ya miji yote miwili. Jaribu maji ya mvua au ya mto kwa wiki chache, na uhakikishe tuta linapitisha maji chini. Hii isichanganywe na habari ya floraidi, ambayo ni nyingi katika vyanzo kadhaa vya maji kuzunguka Mlima Meru. Floraidi ni tatizo la maji ya kunywa, huharibu meno na mifupa, na kuchemsha hakuiondoi, lakini si jambo la kwanza la kushuku majani yanapogeuka manjano.

Kwa sukuma wiki na kabichi, rangi ya manjano inayoanzia ukingoni mwa jani na kuingia ndani kwa umbo la herufi V, ikiwa na mishipa iliyogeuka myeusi, ni uozo mweusi. Huu ni ugonjwa wa bakteria unaosafiri ndani ya mbegu, kwa hiyo hapa mbegu inastahili lawama. Ng'oa mimea hiyo, usichukue mbegu kwayo, na usipande jamii ya kabichi mahali hapo kwa misimu kadhaa. Mbegu unayoishuku inaweza kutibiwa kwa kuzamishwa kwenye maji ya nyuzi 50 za selsiasi kwa dakika 25 kwa kabichi na 20 kwa sukuma wiki, ikapoozwa mara moja na kukaushwa. Bila kipimajoto usijaribu: nyuzi chache zaidi huua mbegu, chache pungufu huwaacha bakteria hai.

*Simama hapa* ikiwa majani yanaendelea kuwa manjano baada ya kurekebisha maji na kuweka mboji. Kumwaga mbolea moja baada ya nyingine kwa kubahatisha kunagharimu kuliko kupima. Chukua udongo wa kina cha sentimita 20 kutoka sehemu kadhaa za bustani, uchanganye, ukaushe kivulini, na umwone afisa ugani wa kata akuelekeze maabara.

Mmea unanyauka ilhali udongo una maji

Hii ndiyo dalili inayostahili utulivu kuliko zote, kwa sababu kati ya sababu zake nne, moja haina madhara yoyote na moja huweza kuondoa nyanya katika eneo lako kwa miaka.

Ile isiyo na madhara ni mnyauko wa saa saba mchana. Maboga, matango na hata nyanya hulegeza majani jua linapowaka na kuyainua tena jioni. Usimwagilie kwa hofu; rudi saa kumi na mbili jioni utazame. Ikiwa mmea umesimama, weka matandazo ya majani makavu ya mgomba na uendelee na shughuli zako.

Mmea usiposimama, ung'oe mmoja kwa uangalifu pamoja na mizizi. Mizizi yenye mafundo ya ukubwa mbalimbali, kana kwamba imefungwafungwa, imeshambuliwa na minyoo fundo. Tahadhari na kunde na maharage: vinundu vyao ni vya kawaida, hubanduka vikisuguliwa kwa kidole, na vikipasuliwa huwa na rangi ya waridi ndani; mafundo ya minyoo hayabanduki kwa kuwa ni mzizi wenyewe uliovimba. Mahali penye minyoo, acha kwa muda nyanya, bamia na jamii ya matango, ongeza mboji kwa wingi, na mazao unayoyapenda zaidi yapande kwenye viroba vya udongo mpya.

Mizizi ikiwa safi, kata shina karibu na ardhi na ulitazame kwa ndani. Ukiona mstari wa kahawia, na mmea ulianza kwa majani ya chini kuwa manjano, mara nyingi upande mmoja tu, huo ni mnyauko fusari. Hapa ndipo tofauti kati ya mbegu za zamani hujitokeza. Katika Roma VF, herufi mbili za mwisho zinamaanisha kuwa aina hiyo ilizalishwa ikiwa na ukinzani dhidi ya mnyauko vertisili na mnyauko fusari. Money Maker, ambayo watu wengi huipenda kwa ladha, haina kinga hiyo. Zote mbili si chotara na unaweza kuhifadhi mbegu zake, kwa hiyo mwenye bustani yenye fusari ana chaguo.

Mmea ukinyauka ghafla ukiwa bado wa kijani, fanya jaribio la glasi. Kata kipande cha shina cha urefu wa kidole, kitundike ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa, na usubiri dakika chache. Nyuzi nyeupe kama maziwa zikianza kuteremka kutoka kwenye sehemu iliyokatwa, huo ni mnyauko bakteria.

*Simama hapa kabisa.* Mnyauko bakteria hauna dawa, na kila chupa utakayouziwa kwa ajili yake ni hasara. Bakteria hao hukaa ardhini kwa miaka, husafiri na maji, hivyo mfongo (mfereji wa kumwagilia) unaopita kwako kisha kwa jirani ni njia yao, na hubebwa na jembe, buti na miche. Ng'oa mimea iliyougua pamoja na udongo wa mizizi, ichome moto, usiitupe kwenye mboji wala mferejini. Safisha zana. Usigawe mche wowote kutoka kwenye kitalu hicho. Usipande nyanya, ngogwe, pilipili, mnafu wala viazi mviringo mahali hapo, kwani vyote ni jamii moja. Mahindi, vitunguu na sukuma wiki vinaweza kuchukua nafasi. Kisha mjulishe afisa ugani, hata kama umeshang'oa kila kitu, kwa sababu majirani wanaotumia maji yaleyale wanahitaji kujua.

Majani yana madoa, njia za wadudu, au yamejikunja

Wakati wa masika na kipupwe, madoa makubwa ya kijani kibichi yanayogeuka kahawia, yenye ukungu mweupe chini ya jani asubuhi, ni bakajani chelewa, ugonjwa unaoweza kumaliza tuta la nyanya ndani ya wiki moja. Aina nyingi za nyanya za asili hazina ukinzani nao. Kinga ndiyo kazi yenyewe: egemeza mimea kwenye miti, ondoa majani yanayogusa ardhi, mwagilia chini na si juu ya majani, na ikiwezekana jenga paa dogo la plastiki, ambalo kwa nyanya chache za nyumbani hufanya kazi nzuri kuliko dawa. Madoa madogo yenye miduara ndani yake, yanayoanza kwenye majani ya chini, ni bakajani tangulia. Huu ni mpole zaidi na hukubali kupunguzwa majani mapema.

Njia pana na angavu ndani ya jani, zenye kinyesi cheusi, pamoja na matundu madogo kwenye tunda, ni kazi ya kanitangaze. Mdudu huyu alibainika nchini mwaka 2014, na wilaya ya Arumeru ilikuwa miongoni mwa mahali pa kwanza. Ponda majani yenye njia kila siku, tumia mtego wa harufu ya jike, na usiache mnafu wala ngogwe zilizozeeka kando ya nyanya, kwani humhifadhi.

Mnafu au ngogwe zenye majani ya rangi ya shaba na utando mwembamba wakati wa kiangazi zina utitiri mwekundu. Nyunyizia maji kwa nguvu upande wa chini wa majani, na ukate matawi yaliyojaa. Vidukari kwenye figili, loshuu (mboga ya majani ya jamii ya kabichi) na sukuma wiki huondolewa kwa maji yenye sabuni kidogo, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jioni. Nyanya zenye majani madogo ya manjano yaliyojikunja kuelekea juu na mmea uliodumaa zina rasta, virusi vinavyoenezwa na inzi weupe. Ng'oa, kwa sababu hazitapona.

Kuhusu viuatilifu, bustani ya nyumbani ni mahali watoto wanapocheza na mboga huchumwa kila siku, kwa hiyo kipindi cha kusubiri kilichoandikwa kwenye lebo ni vigumu kukitimiza kwa mchicha na mnafu. Ukilazimika, tumia tu kilichosajiliwa kwa zao hilo, na usinunue dawa iliyomiminwa kwenye chupa ya maji. Maji ya tumbaku yanayosifiwa na wengi ni sumu kali, na yanaweza kuingiza virusi vya tumbaku kwenye nyanya. Mtu akipata kizunguzungu, kutapika au dawa ikimwingia machoni, suuza kwa maji mengi na umpeleke hospitali pamoja na chupa yenyewe. Mdudu au ugonjwa usioutambua upelekwe kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania (TPHPA), ambayo makao yake yako Ngaramtoni.

Kitunguu hakifanyi kichwa, kabichi haitoi mbegu, mchicha unachanua kabla ya kuliwa

Kitunguu ndicho kinachowashangaza watu. Majani yanastawi miezi 5 au 6, shingo nene, na chini hakuna kitu. Ukiwa ulitumia mbegu ya asili ya Ulaya au kaskazini mwa Marekani, usitafute ugonjwa: aina hizo huanza kutengeneza kichwa siku inapokuwa na mwanga wa saa 14 au zaidi, na hapa kwetu mwanga hauondoki karibu na saa 12 mwaka mzima. Samadi haiwezi kurefusha siku. Kula majani yake, na msimu ujao utafute Red Creole au Bombay Red, aina za siku fupi zinazolimwa kwa wingi Mang'ola, Karatu. Kama mbegu ilikuwa ya siku fupi na bado hakuna kichwa, basi angalia msongamano, kivuli au naitrojeni iliyozidi.

Kabichi na aina nyingi za karoti za nchi za baridi hustawi vizuri kwa kuliwa, ila mtu anayesubiri mbegu Moshi mjini atasubiri sana, kwa kuwa mimea hiyo huhitaji wiki kadhaa za baridi, takriban nyuzi 10 au chini, ndipo itoe shina la maua. Ni vema ukajua mapema kwamba mbegu hizo utazinunua kila mara. Kwa mwenye nia ya kujitegemea kwa mbegu, mnafu, mchicha, mgagani, ngogwe, loshuu, kunde na nyanya hulipa zaidi. Kituo cha Tengeru cha World Vegetable Center kimeshughulikia mboga za asili za Afrika kwa miaka mingi, na mnafu aina ya Nduruma na Olevolosi umetokana na kazi hiyo.

Mchicha, mgagani na figili zikichanua mapema, sababu ya kwanza ni kiu, ya pili ni msongamano, ya tatu ni mche uliozeeka kitaluni kabla ya kupandikizwa. Chuma ncha mara kwa mara na uondoe vikonyo vya maua, isipokuwa kwa mimea michache bora uliyoitenga kwa mbegu. Usiitenge ile inayochanua ya kwanza. Ukichukua mbegu kwa mmea wenye haraka kila msimu, utajizalishia mchicha wenye haraka zaidi.

Maua yanapukutika, au tunda linaoza kitako

Maua ya nyanya na pilipili hudondoka Moshi wakati wa joto kali la Januari hadi Machi, hasa usiku usipopoa. Kivuli chepesi cha mchana na maji ya kutosha husaidia, na hali ya hewa ikibadilika huacha. Samadi iliyozidi huleta majani mengi na matunda machache. Maboga hutanguliza maua dume, kwa hiyo kudondoka kwa maua ya kwanza si ugonjwa.

Doa jeusi, kavu, chini ya tunda la nyanya hutokana na kalsiamu kutofika kwenye tunda, na chanzo chake kikubwa ni kumwagilia leo na kusahau siku nne. Nyanya ndefu za aina ya Roma huathirika zaidi. Weka matandazo na umwagilie kwa ratiba kabla ya kufikiria chokaa.

Mbegu ulizovuna zimezaa kitu kingine

Kwanza tazama pakiti ya mwanzo. Ikiwa iliandikwa F1, ilikuwa chotara, na watoto kutofanana ndiyo tabia yake. Ikiwa haikuwa chotara, angalia jamii ya mmea. Nyanya, saladi, maharage na kunde hujichavusha zenyewe na huchanganyika mara chache. Pilipili, ngogwe na bamia hujichavusha lakini nyuki huzichanganya kiasi. Maboga, matango, sukuma wiki na mchicha huchanganyika kwa urahisi, na mchicha unachavushwa na upepo, hivyo hata mchicha pori wa kiwanja cha jirani unahusika.

Mjini huwezi kupata umbali wa kutosha, kwa hiyo tumia kizuizi. Kwa ngogwe na pilipili, vika kitawi chenye vichomozo vya maua mfuko wa kitambaa chepesi hadi tunda lishike, kisha ulifunge uzi wa alama. Kwa maboga, funga jioni ua dume na ua jike ambayo yatafunguka kesho; asubuhi chavusha kwa mkono, funga tena ua jike, na weka alama.

Mbegu zilizohifadhiwa zimetobolewa au zimekufa

Kunde na maharage hutobolewa na fukusi ambao mara nyingi waliingia shambani, mayai yakiwa juu ya maganda. Kausha mbegu, zijaze chupa hadi mdomoni ili hewa ibaki kidogo, ufunge kabisa. Mwenye friza aziweke humo kwa siku chache zikiwa zimekauka vizuri.

Mbegu zisizo na matundu lakini hazina uhai zimeharibiwa na unyevu na joto. Kila asilimia moja ya unyevu inayopunguzwa huongeza maisha ya mbegu karibu mara mbili, kwa hiyo kukausha kivulini kwenye upepo hadi mbegu ya kunde ivunjike badala ya kupinda kuna thamani kuliko chombo cha bei. Usianike juu ya bati. Mbegu za nyanya zichachushwe kwenye maji yake siku 2 au 3, zioshwe, na kukaushwa kwenye sahani, kwa kuwa kwenye karatasi hunata. Kitunguu hakivumilii zaidi ya mwaka mmoja au miwili hata kikihifadhiwa vizuri. Nyanya huweza kufika minne na zaidi. Andika jina na mwaka juu ya kila chupa.

Mbegu ukizitaka kwa biashara, habari ni nyingine: uuzaji unasimamiwa na Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 na Taasisi ya Kuthibitisha Ubora wa Mbegu (TOSCI), hivyo wasiliana nao kabla ya kufungasha. Vilevile, pakiti inayotumwa na ndugu aliye ng'ambo inahitaji kibali cha kuingiza na cheti cha afya ya mimea. Ulizia TPHPA kabla haijatumwa.